Staa Mnene Usiyemjua Jina: Cooper Black, Fonti Iliyovuka Miaka 100

Wadau, leo tunaanza na fumbo kama kawaida yetu. Staa wetu wa leo ni mnene na wala haoni aibu. Kazaliwa Chicago, Marekani, na umri wake umeshavuka miaka 100. Kakaa kwenye kava la albamu moja kubwa ya miaka ya 1960, kazunguka Ulaya nzima akiwa ubavuni mwa ndege, na kavaliwa kifuani na vijana wa kizazi baada ya kizazi. Na hivi unavyosoma hapa, kuna uwezekano mkubwa yupo kwenye kompyuta ya steshenari ya mtaani kwenu, katulia tu anasubiri kuitwa.

Umemjua? Usihangaike kutaja majina. Sio binadamu, ni fonti. Inaitwa Cooper Black.

Kama jina halikwambii kitu, sura utaikumbuka. Fungua Microsoft Word kwenye kompyuta ya Windows, nenda kwenye orodha ya fonti, shuka mpaka herufi C. Andika jina lako, likuze kidogo. Unaziona zile herufi zilizovimba kama maandazi yaliyoumuka vizuri? Hazina ncha kali, miguu yake imekuwa mviringo, na vile vitundu vya ndani ya "a" na "e" vimebanwa mpaka vimebaki vidogo. Herufi O imeegemea nyuma kidogo, kama mzee aliyeshiba. Ndiyo hiyo.

Najua kuna anayejiuliza, historia ya fonti inanihusu nini mimi? Inakuhusu, tena sana. Kabla hujasoma neno hata moja kwenye bango, umbo la herufi limeshakupa hisia fulani. Herufi nyembamba zenye ncha zinasema hapa pana heshima na bei yake. Herufi nene za mviringo zinasema karibu ndani, usiogope, hapa ni kwenu. Anayeuza keki analijua hilo, na anayetaka kukukopesha hela kwa simu analijua pia. Sasa tuone aliyetuletea mchezo huu alikuwa nani.

KIJANA ALIYETAKA KUCHORA PICHA

Jamaa aliitwa Oswald Bruce Cooper, ila watu walimfupisha wakamwita Oz. Alizaliwa mwaka 1879 jimbo la Ohio, akakulia Kansas. Hakukaa sana darasani, akiwa bado kijana akaingia kwenye kazi za uchapaji. Lakini ndoto yake ilikuwa kuchora picha za kwenye magazeti na vitabu, ikamfikisha Chicago kwenye shule ya uchoraji ya Frank Holme.

Huko mambo yakageuka. Kwenye picha hakung'ara kama alivyotarajia. Ila kulikuwa na mwalimu wa herufi pale, Frederic Goudy, ambaye baadaye akawa mmoja wa wachora herufi wakubwa kabisa Marekani. Chini ya Goudy, Oz akagundua kwamba mkono wake uliumbwa kwa ajili ya maandishi. Kwa hiyo aliyekwenda kutafuta picha akatoka na herufi. Hilo jina la Goudy liweke akilini, litarudi.

Mwaka 1904 Oz akaungana na mwenzake Fred Bertsch wakafungua ofisi, Bertsch & Cooper. Kazi yao ilikuwa matangazo. Chicago ya wakati ule ilikuwa imechangamka, na kila mwenye bidhaa alitaka kuonekana. Oz alikuwa anachora kwa mkono maneno ya matangazo, na mwandiko wake ulipendwa kiasi kwamba ule aliouchora kwenye matangazo ya magari ya Packard uligeuzwa kuwa fonti kamili mwaka 1913.

Hapa inabidi tuelewane kitu. Enzi hizo fonti haikuwa faili la kupakua. Ilikuwa vipande vya madini vinavyosubiwa kiwandani, herufi moja kipande kimoja, ukubwa mmoja seti moja. Mpiga chapa alinunua kwa uzito, akazipanga kwenye madroo ya mbao, na ukitaka kuandika "karibu" mtu alisimama akaokota herufi moja moja. Kwa hiyo fonti mpya ilikuwa uwekezaji, na kiwanda hakisubu kitu ambacho hakina wanunuzi.

1922: "BALAA JEUSI" LINAINGIA MJINI

Kiwanda kikubwa cha herufi cha Chicago kilikuwa Barnhart Brothers & Spindler. Hawa ndio waliomtaka Oz awachoree fonti zao. Akaanza na ya kawaida yenye miguu ya mviringo, halafu akaja na toleo nene kupita kiasi. Mwaka 1922 likaingia sokoni. Ndiyo Cooper Black.

Biashara ikawaka. Watu wa matangazo walikuwa wanatafuta kitu kinachoonekana kutoka ng'ambo ya barabara, na hiki kilionekana. Kilikuwa kizito, ila hakikugomba. Ukichukua herufi nyingine nene za wakati ule, nyingi zilikuwa kama mtu anakufokea. Hii ilikuwa kama mtu mnene anayecheka.

Wapiga chapa wa kihafidhina walichukia. Kwao herufi ilitakiwa iwe na adabu, isimame wima, iache maneno yaongee. Wakaipachika jina ambalo kwa Kiswahili tungesema "balaa jeusi". Oz mwenyewe hakununa. Alisema kwa utani kwamba fonti yake ni ya wapiga chapa wanaoona mbali, wenye wateja wasioona mbali. Ule ni utani wa mtu anayejua biashara yake. Mteja asiyeona vizuri anataka maandishi makubwa, na mpiga chapa mwenye akili atamuuzia.

Mafanikio yakaleta ndugu zake. Mwaka 1925 ikatoka Cooper Hilite, yenye mstari mweupe kwenye kila herufi kana kwamba imemwagiwa maji na taa inaipiga. Mwaka uliofuata ikaja ya mlalo. Ukiziona leo unaweza kudhani zimetengenezwa juzi kwa ajili ya lebo za pipi.

UMENIIBIA HERUFI ZANGU

Ukibamba, utaigwa. Hili sio la Instagram tu.

Kampuni zilizokuwa zinashindana na kiwanda kile ziliona hela zinapita pembeni. Ludlow wakatoa ya kwao mwaka 1924, nene na ya mviringo. Linotype nao wakaja na ya kwao, Pabst Extra Bold, mwaka 1928. Lakini iliyouma zaidi, au ya kuchekesha zaidi, inategemea umekaa upande gani, ni ya Monotype mwaka 1925. Waliitaka fonti nene ya kupambana na Cooper Black, na wakampa kazi hiyo mzee Frederic Goudy. Yule yule mwalimu. Ikatoka Goudy Heavyface. Mwalimu kaajiriwa kushindana na mwanafunzi wake kwa silaha ya mwanafunzi. Kazi ni kazi, ila fikiria wakikutana barabarani wanasalimianaje.

Na Oz angefanya nini? Mpaka leo, sheria ya hakimiliki ya Marekani hailindi umbo la herufi. Mahakama ya rufaa ililisema tena mwaka 1978. Faili la kompyuta linaloibeba fonti linaweza kulindwa, jina la fonti linaweza kusajiliwa kama alama ya biashara, lakini lile umbo lenyewe, unene na mviringo wake, hakimiliki haligusi. Hoja ni kwamba alfabeti ni mali ya wote, na mtu akipewa umiliki wa umbo la A, kesho tutaandika kwa kibali.

Kuna dada mmoja namfahamu, jina nalihifadhi, anauza keki Sinza. Boksi zake zina jina la biashara kwa Cooper Black, rangi ya pinki. Siku moja akanipigia simu kwa hasira. Mtaa wa pili kafungua mwingine, keki hizo hizo, pinki hiyo hiyo, fonti hiyo hiyo. "Kaniibia herufi zangu!" Nikamwambia dada yangu, hizo herufi si zako. Si za yule wala si zangu. Kazichora mzee mmoja Chicago, na yeye mwenyewe waliiga akiwa hai. Akakaa kimya kidogo, halafu akauliza, "Sasa changu ni kipi?" Swali zuri. Tutalirudia.

Oz Cooper alifariki mwaka 1940. Kiwanda kilichosubu herufi zake kilikuwa kimeshafungwa miaka kadhaa nyuma. Chama cha wabunifu cha Chicago kilimtolea kitabu cha kumbukumbu mwaka 1949. Ungedhani habari imeishia hapo.

FONTI INAYOFICHA MAKOSA

Miaka ya 1960 ndiyo iliyoifufua, na sababu ni ya kiufundi kabla ya kuwa ya mtindo.

Herufi zikaanza kupangwa kwa picha badala ya madini. Zikaja pia karatasi za kusugua kama za Letraset. Unaweka karatasi juu ya kazi yako, unasugua kwa kalamu, herufi inabanduka na kung'ang'ania chini. Ghafla kijana yeyote mwenye meza na rula anaweza kutengeneza posta bila kiwanda cha chapa. Na kwenye teknolojia hizi mbili Cooper Black ilikuwa na bahati mbaya ya wengine.

Kwa nini? Angalia chini ya herufi za kawaida. Zinakaa kwenye mstari ulionyooka, kwa hiyo moja ikipanda milimita moja utaiona. Za Cooper Black chini zimeviringika, hazikai dede, zimejibwaga. Ukiipandisha moja kidogo, jicho linasamehe. Kingo zake pia ni laini tangu mwanzo. Herufi yenye ncha ikichapwa vibaya ile ncha inavimba, inaonekana imeharibika. Hii ikichapwa vibaya inaonekana hivyo hivyo ilivyokuwa. Unaweza kuzibana zikagusana, na bado zinasomeka. Kwa mwanafunzi, kwa kanisa, kwa bendi isiyo na hela, hiyo ilikuwa zawadi.

Mwaka 1966 Beach Boys wakatoa albamu ya Pet Sounds. Kavani, wanamuziki wanalisha mbuzi kwenye bustani ya wanyama ya San Diego, na juu yao Cooper Black ya kutosha. Mwaka 1968 BBC ya Uingereza wakaanza kurusha Dad's Army, vichekesho kuhusu wazee waliojitolea kulinda mji wao wakati wa Vita Kuu ya Pili. Maandishi ya mwanzo ni Cooper Black. Hebu lifikirie hilo. Habari yenyewe ni vita, bunduki na Wanazi. Wangeandika kwa herufi za kijeshi ungekaa sawasawa. Wakaandika kwa herufi nono, na kabla mzee wa kwanza hajajikwaa umeshajua utacheka.

Halafu miaka ya 1970 ikaja enzi ya fulana za kubandika. Maduka ya Marekani yalikuwa na herufi za kitambaa laini kama manyoya na mashine ya joto. Unachagua fulana, unataja jina lako au la timu yako, wanakubandikia ukisubiri. Cooper Black ilikuwa kipenzi pale, kwa sababu zile zile: herufi nene inashika vizuri, na kona ya mviringo haibanduki haraka kama ncha. Ndiyo maana ukipekua mitumba ya Karume au Gikomba ukakutana na fulana ya kambi ya watoto au ya mkutano wa ukoo fulani wa Marekani, usishangae kifuani kukiwa na yule mnene. Watu waliivaa kwa sababu iliandika majina yao, na ikawafanya waonekane watu wa karibu.

NDEGE KWA BEI YA JINSI

Mwaka 1995 mfanyabiashara kijana Stelios Haji-Ioannou alianzisha easyJet pale Luton, Uingereza. Alianza na ndege chache na nauli ya pauni 29 kwenda Scotland, akitangaza kwamba kupanda ndege sasa ni bei ya suruali ya jinsi. Ndege zilipakwa rangi ya machungwa, na ubavuni namba ya simu ya kukatia tiketi, kubwa kabisa. Jina liliandikwa kwa Cooper Black.

Mpaka hapo mashirika ya ndege yalikuwa na sura ya heshima: mabawa, taji, herufi zilizonyooka kama sare ya rubani. Ujumbe ulikuwa, sisi ni watu makini, tuamini. Stelios alikuwa anamuuzia mtu ambaye hajawahi kupanda ndege, anayedhani uwanja wa ndege ni wa wakubwa. Kwa mtu huyo, herufi zinazofanana na fulana yake ya utotoni zilisema nawe unaruhusiwa. (Wadau wa Dar mnaweza kumkumbuka. Kampuni yake ilihusika pia na chapa ya Fastjet iliyoanza safari za Mwanza na Kilimanjaro mwishoni mwa 2012, ila hiyo ilikuja na kasuku wake na mwandiko mwingine.)

Lakini ulaini wa herufi hausemi chochote kuhusu mwenye nazo. Kampuni ya Stelios inayomiliki jina hilo, easyGroup, inajulikana kwa kuwapeleka mahakamani watu wanaotumia "easy" kwenye majina yao. Mwaka 2023 bendi moja ya Leicester iliyoitwa Easy Life ikajikuta kwenye kesi. Wakasema kupambana na kampuni ya ukubwa ule hawamudu, wakaliacha jina. Mwaka 2024 wakarudi wakijiita Hard Life.

Ona hesabu ilivyo. Aliyechora zile herufi hakuweza kuwazuia washindani wasimwige. Aliyezitumia kuandika jina lake, jina hilo analilinda mpaka kwa wanamuziki. Ulinzi uko kwenye jina na biashara iliyojengwa juu yake. Mviringo ni wa kila mtu.

AMERUDI TENA, NA SAFARI HII ANA MIKOPO

Kuanzia kama 2015 makampuni makubwa ya teknolojia yalikimbilia herufi nyepesi zisizo na miguu, mpaka yote yakafanana kama sare za shule. Watu wakachoka, na unene ukarudi. Mwaka 2017 mtindi wa Chobani ukabadilisha sura ukaja na herufi nono zenye joto la miaka ya 1970. Januari 2021 Burger King wakaturudisha kwenye nembo ya kizamani ya mkate na herufi za mviringo. Hizo si Cooper Black yenyewe, ila ni wajukuu zake, hata kipofu angewapapasa akajua ukoo.

Na sisi tumo. Fungua Instagram, angalia kurasa za wauza mtindi, sabuni za asili, nguo za watoto, mialiko ya kitchen party. Unono kila mahali. Mimi sina tatizo nao. Mwanadada anayeanza biashara na mtaji mdogo, printa ya mtaani na boksi la khaki, anahitaji herufi inayosamehe makosa, na hii ilifanya kazi hiyo kabla bibi yake hajazaliwa.

Ila kuna sehemu mbili napaona tatizo. Ya kwanza ni ndogo: tangazo la tanzia. Jamani. Nimeona bango la msiba, picha ya marehemu, tarehe ya mazishi, vyote kwa Cooper Black. Aliyetengeneza hakuwa na nia mbaya, alitaka jina la mzee lisomeke kwa mbali. Lakini ile herufi inacheka, na hujui kuizima.

Ya pili ni kubwa. Siku hizi ukipakua app ya mkopo, uwezekano ni mkubwa utapokelewa na rangi za kuchangamka, kikatuni kinakupungia mkono, na herufi nono zinazokuambia mambo vipi. Chini huko, kwa herufi nyembamba za kijivu, ndiko kuna riba, siku za kulipa, na wakati mwingine ruhusa ya kusoma namba za watu wako kwenye simu. Unono umepewa salamu, masharti yamepewa wembamba. Aliyepanga hivyo anajua anachofanya. Anatumia hisia ile ile iliyomfanya mtu wa Luton aone ndege ni yake, ila safari hii anayepaa ni deni.

Sisemi umwogope kila mwenye herufi za mviringo. Nasema ukijisikia umekaribishwa kabla hujasoma, simama sekunde tano, tafuta maandishi madogo kuliko yote kwenye ukurasa, uanzie hapo.

Na yule dada wa keki? Hakubadilisha fonti. Aliacha Cooper Black yake, akaenda kusajili jina la biashara, kitu alichokuwa anakiahirisha tangu aanze. Halafu kila boksi akaanza kuandika kwa kalamu jina la mteja na ujumbe mfupi, kwa mwandiko wake mwenyewe, ambao kusema kweli sio mzuri. Wa mtaa wa pili bado yupo na pinki yake. Wa kwetu ana oda mpaka Jumapili ijayo.

Haya wadau, ukimuona mnene wetu mtaani kwenu wiki hii, kwenye saluni, daladala au fulana ya mtumba, tuambie hapo chini umemkuta wapi na anauza nini.